Lord Kelvin: Mwanasayansi aliyetambua mipaka ya kasi ya mawasiliano

Ujumbe wa simu unaotumwa kutoka Ajia, wilayani Arua, kwenda Ulaya huweza kupitia Mombasa na nyaya za chini ya bahari, ukafika kabla mtumaji hajairudisha simu mfukoni. Mwaka 1858, salamu za Malkia Victoria kwa rais wa Marekani, zenye maneno 98 tu, zilichukua takriban saa 16 kuvuka Atlantiki. Sababu ya kuchelewa huko ilikuwa imekwisha kuelezwa na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin.

Alizaliwa Belfast mwaka 1824, akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow akiwa na miaka 10, na akawa profesa hapo akiwa na miaka 22. Mwaka 1855 alichapisha hesabu zilizoonesha kwamba mpigo wa umeme katika waya mrefu wa baharini hutandaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Mipigo ikifuatana upesi mno, huchanganyika na haisomeki. Urefu wa waya ukiongezeka maradufu, ucheleweshaji huongezeka mara nne.

Wildman Whitehouse, tabibu aliyekuwa fundi mkuu wa umeme wa kampuni ya waya huo, hakukubali. Alitumia umeme wa takriban volti 2,000, na baada ya wiki chache waya ukanyamaza kabisa. Ni haki kusema kwamba waya wenyewe ulikuwa na kasoro tangu mwanzo. Hata hivyo, nguvu hiyo iliumaliza.

Thomson aliona afadhali kunoa sikio kuliko kupaza sauti. Alibuni chombo chenye kioo chepesi kilichogeuzwa na mkondo hafifu mno, kikisogeza mwale wa taa ukutani. Waya wa mwaka 1866 ulipofanikiwa, alitunukiwa cheo cha Sir. Mwaka 1879 waya kutoka Aden ulifika Zanzibar, na Afrika Mashariki ikaunganishwa na mtandao huo.

Lakini sikio kali husikia pia kelele: mikondo ya umeme ya ardhini ilitikisa mwale uleule. Thomson alifariki Desemba 1907, akazikwa Westminster Abbey karibu na Newton. Hesabu kamili ilitolewa na Mmarekani Claude Shannon mwaka 1948: kasi ya juu kabisa huamuliwa na upana wa masafa pamoja na uwiano wa nguvu ya ishara na kelele. Ishara ikiwa tayari imara, kuongeza nguvu maradufu huleta nyongeza ndogo ya kasi, tofauti na kupanua njia. Simu iliyo mbali na mnara hupunguza kasi kwa sababu hiyohiyo: ishara yake imedhoofika hadi kukaribiana na kelele.