Louis Pasteur: Mfaransa aliyefumbua fumbo la chachu

Aliyewahi kuuza urwagwa Kamembe anaijua hasara hii: ndizi ni zile zile, mtengenezaji ni yule yule, lakini safari moja pombe inatoka nzuri, safari nyingine imekuwa siki na haivuki hata daraja la Rusizi. Aliyeeleza sababu yake ni Louis Pasteur, na alianzia kwenye hasara ya mwenye kiwanda.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 mjini Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Alisomea kemia Paris, na mwaka 1854 akateuliwa mkuu wa kitivo cha sayansi mjini Lille, mji wa viwanda.

Mwaka 1856 alijiwa na Bigo, mzazi wa mwanafunzi wake. Bigo alitengeneza alkoholi kwa juisi ya viazisukari, na mapipa yake yalikuwa yakiharibika. Pasteur alikwenda kiwandani, akachukua matone na kuyatazama kwa hadubini. Katika mapipa mazuri aliona chembe za mviringo, yaani chachu. Katika yaliyoharibika aliona vijiti vidogo mno: bakteria waliokuwa wakigeuza sukari kuwa asidi.

Wakati huo wanakemia wakubwa walidai uchachu ni mabadiliko ya kemikali tu. Kuanzia mwaka 1857 Pasteur alionyesha kuwa ni kazi ya viumbe hai, na kwamba kila kiumbe kina mazao yake. Akiingia asiyetakiwa, mali inapotea.

Maisha hayakumhurumia. Kati ya 1859 na 1866 alizika mabinti watatu. Mwaka 1868 alipata kiharusi kilichoulemaza upande wake wa kushoto. Hata hivyo aliendelea na kazi, na mwaka 1885 chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilitumika kwa mtoto Joseph Meister, ambaye alipona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Mwaka 1883, Emil Christian Hansen wa maabara ya Carlsberg, Denmark, alikuwa amepiga hatua nyingine: kutenga chembe moja ya chachu na kuizalisha peke yake. Tangu hapo chachu huchaguliwa kama mkulima anavyochagua mbegu.

Kazi hiyo ndiyo inayobeba viwanda vya ukanda huu. Kakira nchini Uganda na Muhoroni nchini Kenya, ethanoli hutengenezwa kwa molasi, tope tamu jeusi linalobaki sukari ikishatolewa. Molasi ina chumvi nyingi, na pipa hupata joto. Chachu dhaifu hufa kabla sukari haijaisha, na sukari iliyobaki ni fedha iliyomwagwa. Kwa hiyo watafiti wanaendelea kutafuta chachu inayostahimili joto, chumvi na ukali wa alkoholi yenyewe, ili pipa lile lile litoe lita nyingi zaidi.