Jiwe la Cairo lililompiga Fabisch

Vijana wa hapa Longonot wanawajua makocha wote wa Ulaya, hata wale wanaofutwa kazi kila Jumatatu. Ukiwatajia Reinhard Fabisch wanakukodolea macho. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa huku na kazi, na mwezi huu nimelitaja jina hilo mara nyingi. Kocha anayefundisha watoto wa mtaa wetu bila malipo alizomewa mechi nzima, akatukaniwa mamake, kisha mawe yakaanza kuruka kutoka upande wa mashabiki wa timu nyengine. Tangu siku ile hajarudi. Watoto wanajipangia mazoezi wenyewe.

Fabisch alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Schwerte, mwaka 1950. Sisi Wakenya tulimjua 1987, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika na uwanja wa Kasarani ungali mpya. Harambee Stars chini yake ikafika fainali, ikafungwa na Misri 1-0. Walioiona timu ile bado wanaisimulia kwenye baraza za kahawa, na wengi wao hukumbuka wachezaji tu. Kocha husahaulika timu ikicheza vizuri. Ikifungwa, ndiye wa kwanza kutajwa.

Miaka ya tisini mwanzoni akawa Zimbabwe. Alikuwa na Bruce Grobbelaar, yule kipa wa Liverpool, na Peter Ndlovu aliyekuwa akicheza Uingereza, na watu wa kule wakaiita timu yao Timu ya Ndoto. Walikuwa wakiwania Kombe la Dunia la 1994 la Marekani. Tarehe 28 Februari 1993 wakaenda Cairo kumalizana na Misri, ile ile Misri iliyomnyima Fabisch dhahabu pale Kasarani. Zimbabwe ilitaka sare tu. Misri ilikuwa lazima ishinde.

Zimbabwe ikafunga kwanza. Hapo jukwaani pakachafuka. Vitu vikarushwa uwanjani, Grobbelaar akapigwa, na jiwe likampata Fabisch kichwani. Mpira haukusimamishwa. Misri ikarudisha, ikaongeza la pili, mechi ikaisha 2-1 na wenyeji wakasherehekea kwamba wamepita.

Hawakuwa wamepita. FIFA ilifuta matokeo yale na kuamuru mechi irudiwe kwenye uwanja usio wa yeyote. Wakakutana Lyon, Ufaransa, tarehe 15 Aprili. Sifuri kwa sifuri. Zimbabwe ikaingia kundi la mwisho, Misri ikabaki nyumbani, na haikuonekana tena kwenye Kombe la Dunia hadi 2018 kule Urusi. Tazama basi: wachezaji wa Misri walikuwa wameshinda kwa miguu yao. Waliowanyang'anya ushindi ni watu wao wenyewe, waliodhani wanawasaidia.

Hapa kwetu hadithi hiyo huwachekesha watu mpaka wanafika kwenye Lyon, halafu wananyamaza. Longonot ndiko kuliko na madishi makubwa ya satelaiti, ya tangu 1970, yaliyokuwa yakituunganisha na ng'ambo kwa simu na picha. Sasa kila kijana ana dunia nzima ndani ya simu yake. Lakini ile sehemu ya adhabu hawajaiona. Wanachoona ni jukwaa linavyonguruma, nao wanakuja kunguruma pale chini ya mlima, kwenye uwanja wa vumbi usio na ukuta wala polisi, ambapo kocha yuko hatua tatu tu kutoka kwa anayemtukana.

Kocha wetu hana FIFA. Refa wa siku ile alipuliza kipenga cha mwisho, akapanda bodaboda akaenda zake. Matokeo yamebaki vile vile. Nimewaambia waandaaji wa mashindano wafanye jambo moja: jiwe likirushwa, mechi isimame, iandikwe, na timu ya waliorusha ipoteze alama hata kama inaongoza matano. Wamenijibu kwamba hilo litawaudhi mashabiki. Subhanallah, na kocha je? Yeye hana wa kumuudhi?

Kutukanwa kidogo ni chumvi ya mpira, sikatai. Sisi wa Pwani kwa mafumbo ya uwanjani hatujambo, na kocha asiyeweza kuvumilia kuambiwa hajui kupanga timu basi atafute kazi nyengine. Lakini mama yake mtu hakucheza namba yoyote, na jiwe si neno.

Fabisch hakukimbia mpira wa Afrika. Mbele ya Cameroon ndoto ya Zimbabwe ilikatika, mwaka ule ule wa 1993, naye akaendelea. Alirudi kwetu Kenya 1997, akarudi tena 2001. Mwisho akachukua Benin na kuipeleka Kombe la Afrika, Ghana, Januari 2008. Timu ilifungwa mechi zote tatu. Huko akasema hadharani kwamba alifuatwa na mtu aliyetaka kumpa pesa ili mechi iuzwe, naye akakataa. Wengi wangelinyamazia. Julai mwaka huo saratani ikamchukua, ana miaka 57, na haikuwa imetimia miezi sita tangu ainuke kwenye benchi la Benin.