Kazadi Mwamba: golikipa aliyebebeshwa mabao yasiyo yake

Ukitaja mwaka wa 1974 mbele ya wapenzi wa mpira, iwe Yanonge pale balenieri zinapofunga kamba, iwe Kisangani kule Mangobo ao Lubunga, jibu linakuja mbio: tisa kwa sifuri. Ni Zaire na Yugoslavia, kwenye Kombe la Dunia. Wazee wanakumbuka kwa uchungu. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanakumbuka pia, sababu walirithi ile aibu kama vile mtoto anavyorithi deni la baba. Na mara nyingi mzigo wote unawekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja, yule aliyesimama kati ya milingoti miwili: Kazadi Mwamba.

Lakini hesabu ya ile siku si hivyo. Kati ya mabao 9, Kazadi alifungwa 3. Mengine 6 yaliingia wakati yeye amekwisha kutolewa uwanjani. Ili kuelewa namna gani golikipa wa kwanza wa inchi alijikuta kwenye benchi kabla hata nusu saa kuisha, lazima kuanza mbali kidogo, kule Katanga.

Kijana wa Englebert

Robert Kazadi alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tatu 1947, inchi ikiwa bado Kongo ya Wabelgiji. Jina lake kama mchezaji alilipata Lubumbashi, katika ekipe iliyoanzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka wa 1939, wakati mji ule uliitwa Élisabethville. Baada ya kubadili majina mara kadhaa, ekipe ilichukua lile la Englebert, kampuni ya matairi. Mwaka wa 1966 ilimaliza shampiona bila kushindwa hata mechi moja, na tangu hapo watu wakaongeza maneno Tout Puissant, maana yake mwenye nguvu zote. Ndiyo TP ambayo ingali inaandikwa mbele ya jina la Mazembe mpaka leo.

Mwaka uliofuata, wakaaji wa mashariki hawakuwa na nafasi kubwa ya kufikiri mambo ya mpira. Mwezi wa saba 1967, mamluki walioongozwa na Mbelgiji Jean Schramme walishambulia Kisangani, kisha wakaenda kujifungia Bukavu mpaka walipokimbilia Rwanda mwezi wa 11. Ni katika mwezi ule ule wa 11 ndipo TP Englebert ilicheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi ikawa 1–1, Kinshasa ikawa 2–2. Ilipangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, kombe likapewa Englebert. Kazadi alikuwa na miaka 20.

Mwaka wa 1968 Englebert walirudia, na safari hii kombe walilipata uwanjani. Waliifunga Étoile Filante ya Togo 5–0 katika mechi ya kwanza. Ya pili walipoteza 4–1 lakini kombe likabaki kwao. Hakuna klabu iliyokuwa imechukua kombe lile mara 2 mfululizo. Ilibidi kungoja mpaka 2004 ndipo Enyimba ya Nigeria ikafanya vile vile. Na Englebert walifika tena fainali mwaka wa 1969 na 1970, ingawa zote 2 walishindwa. Fainali 4 kwa miaka 4: ekipe haiwezi kufika huko kama nyuma kunavuja.

Makombe 2 ya inchi

Kazi ya golikipa ina ubaya wake. Mshambuliaji anaweza kukosa mara 5, akafunga moja, watu wakambeba mabegani. Golikipa anaweza kuokoa mara 5, akakosea moja, watu wakaenda nyumbani na lile moja. Hata watoto wakigawana ekipe, mara nyingi anayesukumwa golini ni yule asiyejua kukimbia. Juu ya hiyo watu wengi wakihesabu ushindi wa Leopards wanaanza na wafungaji, na jina la Kazadi linakuja mwisho, kama linakuja.

Mwezi wa kwanza 1968, Leopards walikwenda Ethiopia kwa Kombe la Afrika. Ghana ilikuwa imechukua kombe mwaka wa 1963 na 1965, na katika makundi iliwafunga Wakongomani 2–1. Katika nusu fainali Wakongomani waliwatoa wenyeji Ethiopia 3–2 baada ya muda wa nyongeza. Tarehe 21, fainali ikawa na Ghana ile ile. Pierre Kalala, mwenzake Kazadi wa Englebert, alifunga bao moja dakika ya 66. Kuanzia pale kazi yote ilikuwa ya nyuma: kulinda lile bao mbele ya ekipe ambayo Afrika nzima iliiogopa. Ghana hawakufunga. Ikawa kombe la kwanza la Afrika kwa inchi.

Miaka iliyofuata, majina yalibadilika. Kongo ikawa Zaire mwaka wa 1971, majina ya kikristo yakakatazwa, Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba, na Englebert ikawa Mazembe. Kilichobaki ni mtu yule yule golini. Mwaka wa 1973, gazeti la Ufaransa lililokuwa linatoa Mpira wa Dhahabu wa Afrika liliwaweka Wazaire 2 wa Mazembe mbele ya bara lote: Bwanga Tshimen, beki, wa kwanza, Kazadi, golikipa, wa pili.

Mwezi wa 12 wa mwaka ule, Zaire iliifunga Moroko 3–0 Kinshasa na kupata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Kabla yake, Waafrika waliokwisha fika huko ni Misri mwaka wa 1934 na Moroko 1970. Chini ya Sahara, Zaire ilikuwa ya kwanza. Rais Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na magari.

Mwezi wa tatu 1974, kule Misri, walichukua Kombe la Afrika mara ya pili. Nusu fainali walikuwa nyuma 2–0 mbele ya Misri yenyewe, wakageuza mechi na kushinda 3–2. Fainali na Zambia ilikwisha 2–2, Zambia wakisawazisha katika dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Ikarudiwa siku 2 nyuma: Zaire 2, Zambia 0. Mashindano yale yanakumbukwa kwa mabao 9 ya Ndaye Mulamba, na ni haki yake. Lakini katika fainali ya 1968 na ile ya marudio ya 1974, hakuna bao lililoingia golini mwa Kazadi.

Dakika 20 za Gelsenkirchen

Miezi 3 baadaye walikuwa Ujerumani. Mechi ya kwanza, tarehe 14 mwezi wa sita kule Dortmund, Uskoti iliwafunga 2–0. Haikuwa aibu. Waskoti wenyewe, wachezaji wa klabu kubwa za Uingereza, walitoka jasho.

Shida ilikuwa nje ya uwanja. Kama wachezaji walivyosimulia miaka ya baadaye, pesa walizoahidiwa hazikuwafikia. Zilikuwa zimepotelea kwa wakubwa waliosafiri nao. Walifikia hatua ya kusema hawachezi tena. Tarehe 18 waliingia uwanjani Gelsenkirchen wakiwa na hasira hiyo, na mbele yao Yugoslavia, ekipe iliyokuwa imetoka sare na Brazil.

Dakika ya 8 bao la kwanza, dakika ya 14 la pili, dakika ya 18 la tatu. Hapo kocha Blagoje Vidinić alimtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu Ndimbi wa Vita Club. Vidinić alikuwa Myugoslavia, na mwenyewe alikuwa golikipa zamani, mwenye medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 1960. Alijua vizuri kumtoa golikipa ambaye hajaumia maana yake nini: ni kumwonyesha kidole mbele ya dunia nzima. Wazaire wengi walianza kusema eti kocha anawasaidia ndugu zake. Inasimuliwa kwa upande mwingine kwamba Vidinić alieleza baadaye kuwa amri ilitoka kwa mtu wa wizara, si kwake.

Tubilandu naye hakuwa na kosa. Aliingia mwili ukiwa baridi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota mpira ndani ya nyavu, dakika ya 22. Katika fujo ya bao lile, mwamuzi alimpa Ndaye kadi nyekundu kwa kosa la mtu mwingine: aliyempiga mwamuzi teke alikuwa Mwepu Ilunga. Basi, wachezaji 10, golikipa aliyetoka kuingia, na zaidi ya saa moja iliyobaki. Ikamalizika 9–0.

Kazadi aliangalia yote kutoka benchi. Kitu kibaya zaidi kwake ni kwamba hesabu ya watu haikutofautisha. Katika redio na katika mazungumzo, 9 zilikuwa 9, na golikipa wa Zaire alikuwa Kazadi.

Dakika 11 mbele ya Brazil

Ilibaki Brazil, mabingwa wa dunia, tarehe 22, mji ule ule. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba watu wa Mobutu walikuja hotelini na onyo: wakifungwa mabao 4, wasirudi nyumbani. Na kwa upande wa Brazil, baada ya sare 2 bila bao, walihitaji kushinda kwa mabao 3 ili kuipita Uskoti. Kwa hiyo Brazil walitaka 3, na Zaire hawakuwa na ruhusa ya kufika 4.

Vidinić alimrudisha Kazadi golini. Hilo peke yake linasema jambo: siku ambayo maisha ya watu yalikuwa hatarini, aliyeitwa ni yeye aliyetolewa siku 4 mbele.

Jairzinho alifunga dakika ya 12. Kisha kwa zaidi ya dakika 50 Brazil hawakupata kitu, mpaka Rivelino alipopiga shuti lake dakika ya 66. Dakika ya 79 Valdomiro alipiga kutoka pembeni, mpira ukampita Kazadi karibu na mlingoti. Lilikuwa bao la kuokoa. Ni kosa lake, na hakuna sababu ya kulificha. Sasa ilikuwa 3–0, na dakika 11 zimebaki. Bao moja zaidi, na ile namba iliyokatazwa inafika.

Dunia inakumbuka mechi ile kwa jambo lingine: Mwepu Ilunga kutoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali, wakati frikiki ilikuwa ya Brazil. Watu walicheka miaka mingi, eti Waafrika hawajui sheria. Mwepu alijibu baadaye kuwa alijua sheria vizuri. Alikuwa na hasira, na woga ulikuwa juu ya ekipe nzima. Ukiiangalia foto ile tena, kumbuka kuwa nyuma ya ukuta kuna golikipa ambaye hakuwa na ruhusa ya kufungwa bao la 4. Hakufungwa. Ikaisha 3–0, na wote wakapanda ndege kurudi Kinshasa.

Baada ya makofi

Mobutu hakutaka tena kuwaona. Zaire ilitoka mapema katika Kombe la Afrika la 1976, kisha ikajiondoa kwenye mechi za kutafuta Kombe la Dunia la 1978. Mashujaa wa 1974 walizeeka bila msaada wa inchi iliyokuwa imewapigia ngoma. Ndaye Mulamba alipigwa risasi na wezi mwaka wa 1994, akamaliza maisha kama mkimbizi Afrika Kusini.

Kazadi Mwamba alikufa mwaka wa 1996, bila kufikisha miaka 50. Ni mwaka ambao vita vilianza Kivu na kuelekea Kisangani, na Zaire yenyewe ilibakiza miezi michache tu. Hakumwona Muteba Kidiaba, golikipa mwingine wa Mazembe, akileta Lubumbashi lile kombe la klabu bingwa mwaka wa 2009 na 2010, baada ya miaka zaidi ya 40 ya kungoja.

Kwa wanaopenda hesabu, hii hapa kamili. Kule Ujerumani Zaire ilifungwa mabao 14: Kazadi 8, Tubilandu 6. Mbele ya hapo kuna makombe 2 ya klabu na makombe 2 ya inchi. Na haya ya inchi, lile la 1968 na lile la 1974, mpaka leo ndiyo Makombe ya Afrika pekee ambayo Leopards wamewahi kuyachukua. Yote 2, aliyekuwa golini ni Kazadi.