Sir Ronald Hatton: Aliyeyapa namba mashina ya matufaha

MKULIMA anaponunua mche wa matunda uliobebeshwa, kwa kawaida huuliza jina la tunda. Ni nadra kuuliza jina la kile kilicho chini ya kovu la kubebeshea, yaani shina lenye mizizi lililopokea kikonyo. Kumbe shina hilo la chini ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa mti utarefuka kiasi gani, utaanza kuzaa mwaka wa ngapi, na kama utapona au utakufa ugonjwa ukiingia shambani.

Kwa wakulima wa matufaha, au maepo kama yanavyoitwa sokoni, elimu hiyo ilianza kupata mpangilio zaidi ya miaka 100 iliyopita, kutokana na kazi ya Mwingereza aitwaye Ronald George Hatton. Hakugundua dawa, wala hakuacha tufaha lenye jina lake. Alichofanya ni kumwezesha mkulima kujua ananunua nini.

Msomi aliyekwenda kuwa kibarua

Hatton alizaliwa Julai 1886. Alisoma katika Chuo cha Balliol, Oxford, ambako vijana wengi wa wakati wake walitoka na kuingia kwenye sheria, siasa au utumishi wa serikali. Yeye alikwenda mashambani kufanya kazi za mikono pamoja na vibarua. Mwaka 1913 kilichapishwa kitabu chake kuhusu maisha ya watu hao, Folk of the Furrow, ambacho alikiandika kwa jina la bandia la Christopher Holdenby.

Wakati huo alikuwa ameshajiunga na Chuo cha Kilimo cha Wye, katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Kent ni eneo la matunda tangu zamani, na wakulima wake walikuwa wakidai kituo cha utafiti kilicho karibu na mashamba yao. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1913 katika kijiji cha East Malling, chini ya Chuo cha Wye.

Mwaka uliofuata vita kuu ya kwanza ililipuka. Msimamizi wa kwanza wa kituo, Wellington, alikwenda jeshini, na kazi ikaachwa mikononi mwa Hatton aliyekuwa na umri wa miaka 28. Mwaka 1918 alifanywa mkurugenzi, na alikiongoza kituo hicho hadi alipostaafu mwaka 1949.

Jina moja, miti tofauti

Mbegu ya tufaha haitoi mti unaofanana na mama yake. Ndiyo maana mkulima anayetaka tunda la aina fulani hana budi kukata kikonyo cha aina hiyo na kukibebesha kwenye shina jingine. Lakini shina lililoota kwa mbegu nalo lina tabia zake. Shamba lenye mashina ya namna hiyo huwa na miti mikubwa na midogo iliyochanganyika, inayoanza kuzaa kwa nyakati tofauti.

Kwa karne nyingi wenye vitalu wa Ulaya walikuwa na mashina mafupi waliyoyaita Paradise na Doucin, ambayo hayakuzalishwa kwa mbegu bali kwa machipukizi. Kwa kuwa kila chipukizi lina asili ile ile ya mama yake, mkulima alitarajia miti iliyo sawa. Hali halisi ilikuwa nyingine. Kadiri miaka ilivyopita na miche ilivyouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, majina yalichanganyika. Kitalu kimoja kiliuza Paradise ya mti mfupi, na kitalu cha pili kikauza kwa jina hilo hilo shina la mti mkubwa. Aidha, shina moja liliweza kuwa na majina kadhaa.

Hasara ya mkanganyiko huo haikuonekana siku ya kununua. Mkulima alipanda miti yake karibu karibu akitarajia iwe mifupi, akapogoa na kuweka mbolea, na baada ya miaka kadhaa akagundua kuwa matawi yanabanana huku matunda hayaonekani. Wakati huo ameshatumia ardhi, fedha na sehemu nzuri ya umri wake. Shina la chini halibadilishwi kama dawa ya kunyunyizia. Likikosewa, dawa yake ni kung'oa.

Wellington alikuwa ameanza kukusanya sampuli za mashina hayo kutoka vitalu mbalimbali. Hatton aliendelea na kazi hiyo. Aliyapanda yote mahali pamoja na kuyafuatilia msimu kwa msimu, akilinganisha majani, magome, mizizi na namna yanavyokua. Mwaka 1917 alichapisha matokeo. Kutoka katika lundo lile la majina alitenga aina tisa zilizo dhahiri. Badala ya kuingia katika ugomvi wa jina lipi ni la kweli, aliyaacha majina ya zamani na kuzipa namba, kuanzia moja hadi tisa. Orodha iliongezeka baadaye.

Namba hizo ndizo zinazojulikana hadi leo kwa herufi M, kifupi cha Malling. Shina M.9, ambalo Wafaransa walikuwa wakiliita Jaune de Metz, limekuwa mhimili wa mashamba ya kisasa ya matufaha katika nchi nyingi. Mti wake ni mfupi, huvunwa bila ngazi ndefu na huwahi kuzaa, ingawa mizizi yake ni dhaifu na unahitaji nguzo maisha yake yote.

Kuzipa aina namba kusingetosha kama kitalu kingeendelea kuchanganya miche. Ili asili isipotee, mashina hayo yalizalishwa kwa kukata mche mama karibu na ardhi, kusubiri machipukizi, kisha kuyarundikia udongo mpaka kila moja liote mizizi yake. Likiisha kuota hukatwa na kwenda kubebeshwa. Kituo kilisambaza miche iliyohakikiwa, na wenye vitalu wakawa na mahali pa kuanzia.

Vita dhidi ya vidukari

Baada ya kujua kila shina ni lipi, swali la pili likawa ni lipi linalostahimili adui gani. Adui aliyewasumbua sana wakulima alikuwa kidukari mwenye manyoya meupe kama sufu, aliyetoka Amerika Kaskazini na kuenea duniani pamoja na biashara ya miche. Mdudu huyu hufyonza utomvu kwenye matawi na pia kwenye mizizi, akiacha uvimbe na vidonda. Kwenye matawi anaweza kunyunyiziwa dawa. Aliye kwenye mizizi hafikiki kirahisi, hivyo kinga ya uhakika ni mizizi yenyewe kumkataa.

Tatizo lilikuwa kubwa zaidi Australia na New Zealand. Wakulima wa huko walikuwa wameshabaini kuwa tufaha moja la Marekani, Northern Spy, halishambuliwi na mdudu huyo, wakaligeuza kuwa shina la chini. Mashina ya Malling hayakuwa na kinga hiyo.

Kituo cha East Malling kilishirikiana na Taasisi ya John Innes, wakati huo ikiwa Merton, London, kuchanganya mbegu za Northern Spy na mashina ya Malling. Ilikuwa kazi ya subira. Kila mche uliotokana na mchanganyiko ulipaswa kuwekewa vidukari uonekane kama unawakataa. Uliofaulu ulipaswa kuota mizizi vizuri kitaluni, kisha kubebeshwa na kusubiriwa uzae. Mashina hayo, yenye herufi MM za Malling na Merton, yalitolewa kwa wakulima mwaka 1952, miaka mitatu baada ya Hatton kustaafu. Maarufu kati yake ni MM.106 na MM.111.

Hakuna shina lenye kinga zote

Hata hivyo, historia ya mashina hayo inaonyesha kuwa neno kinga linahitaji kuulizwa swali: kinga dhidi ya nini? MM.106 hustahimili vidukari na huzaa vizuri, lakini kwenye udongo unaotuamisha maji hupatwa kirahisi na ugonjwa wa kuoza shina usawa wa ardhi. M.9 huvumilia zaidi kuoza huko, lakini vidukari humshinda. MM.111 hutoa mti mkubwa zaidi na husubirisha mavuno, ila huvumilia ukame kuliko mengi ya wenzake. Vilevile, katika baadhi ya sehemu za dunia walionekana vidukari walioweza kuishi hata juu ya Northern Spy.

Kisha kuna ugonjwa wa bakteria unaokausha maua na matawi mpaka mti unaonekana kama umepitiwa na moto. Ulionekana kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1957, huko huko Kent. M.9 ni dhaifu mbele yake. Bakteria wakishuka hadi kwenye shina la chini, mti mzima hufa. Mwaka 2000 ugonjwa huo uliwatia hasara kubwa wakulima wa jimbo la Michigan, Marekani, ambao mashamba yao yalitegemea M.9 na mwenzake M.26.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Geneva, jimbo la New York, wamezalisha mashina yanayostahimili bakteria hao. Mojawapo, G.41, limepata kinga kutoka tufaha jamii ya mwitu, lakini mzazi wake wa pili ni M.27, ambalo nalo ni mtoto wa M.9. Damu ya orodha ya Hatton bado imo.

Somo kwa mnunuzi wa miche

Hatton alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1944, na mwaka 1949 alipewa hadhi ya Sir. Alifariki Novemba 1965, akiwa na umri wa miaka 79. Kituo cha East Malling kinaendelea na utafiti wa matunda, sasa kikiwa sehemu ya taasisi ya NIAB.

Kwa mkulima wa nyanda za baridi kama Njombe au Lushoto anayefikiria matufaha, na hata kwa yule wa maembe na maparachichi ya kubebesha, maisha ya mtu huyo yana mafunzo mawili ya kibiashara. La kwanza ni kuchunguza adui aliyepo shambani kabla ya kuchagua shina: je, maji yanatuama, kuna ukame, au kuna wadudu wa mizizi? Shina linalosifiwa kwingine linaweza kuwa hasara kwenye udongo tofauti.

La pili ni kumbukumbu. Mwenye kitalu anayejua kazi yake anaweza kutaja jina la shina la chini na alikolipata, na mnunuzi anapaswa kuliandika pamoja na tarehe ya kupanda na mstari ulikopandwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mti wa matunda ni mali itakayokaa shambani kwa miaka mingi.