Izaak Walton: Mvuvi wa Mtoni Aliyefunza Subira

Sisi watu wa pwani tukitajiwa uvuvi, fikira zetu huenda baharini moja kwa moja: kwenye ngalawa, madema, nyavu na mishipi. Lakini Waingereza, ambao nchi yao imezungukwa na bahari pande zote, mvuvi wao mashuhuri kuliko wote ni mtu wa mitoni. Jina lake ni Izaak Walton. Napenda leo niwasimulie wasomaji maisha yake, kwani nionavyo mimi yana mafunzo hata kwa asiyepata kushika ndoana.

Walton alizaliwa mwaka 1593 katika mji wa Stafford, katikati ya Uingereza. Babake, aliyekuwa na nyumba ya wageni, alifariki mwanawe angali mdogo. Kijana huyo yatima akaenda London kujifunza biashara, na mwaka 1618 akapokewa katika chama cha wauza vyuma cha mji huo, ijapokuwa yasemekana duka lake lilikuwa la nguo. Chuo kikuu hakukiona. Elimu aliipata kwa kusoma mwenyewe na kwa kukaa na wenye elimu. Mmoja wao ni John Donne, mshairi na padri wa kanisa la mtaani kwao, ambaye Walton aliandika maisha yake na kuyatoa mwaka 1640.

Mwaka huo huo wa 1640 ulikuwa mchungu kwake. Mkewe, Rachel, aliyemwoa mwaka 1626, alifariki. Watoto aliozaa naye wote waliondoka wangali wachanga, asibaki hata mmoja wa kumwita baba. Msiba wa nyumbani ukafuatwa na msiba wa nchi. Mwaka 1642 Mfalme na Bunge walipigana vita, ndugu kwa ndugu, na mwaka 1649 Mfalme akakatwa kichwa. Walton alikuwa upande ulioshindwa. Mwaka 1651, baada ya vita vya Worcester, alikabidhiwa kito cha mwana wa mfalme aliyekimbia, naye akakichukua kwa siri mpaka London, akakifikisha kwa afisa aliyekuwa amefungwa gerezani. Lau angalikamatwa nacho, angalijuta. Lakini amana ni amana.

Mtu aliyepatwa na hayo yote, ungalitazamia aandike kitabu cha hasira. Yeye mwaka 1653 alitoa kitabu cha kuvua samaki! Ndani yake wasafiri wanakutana kaskazini ya London, wakaongozana kandokando ya mto Lea, na mvuvi akawafundisha wenziwe kazi yake. Anaeleza mshipi unavyosokotwa kwa singa za mkia wa farasi, nyungunyungu wanavyotunzwa wawe chambo, na nzi wa bandia wanavyofungwa kwa manyoya. Anataja tabia za kila samaki: paiki mwenye meno makali, mkunga wa mtoni, na trauti, ambaye zama za ukoloni aliletwa hata katika mito ya milimani huku kwetu Kenya. Anawalaumu pia wanaovua samaki wakati wa kutaga. Hata leo sheria ya Uingereza hukataza kuvua samaki wengi wa mitoni kwa ndoana tangu Machi 15 hadi Juni 15.

Wako wasemao kwamba kukaa ukingoni kutwa nzima ni uvivu. Mimi siafikiani nao. Mvuvi wa ndoana hawezi kumlazimisha samaki; kazi yake ni kujitayarisha, kunyamaza na kungoja, na jioni akirudi mikono mitupu, kesho atoke tena. Huko ndiko kusubiri. Walton aliyaandika hayo nchi yake ikitoka vitani, naye akijua kupoteza ni nini.

Wala hakuwa mwenye majivuno. Elimu ya kuvua kwa nzi wa bandia aliona rafiki yake Charles Cotton amemzidi, ingawa alikuwa kijana mbele yake. Basi katika toleo la mwaka 1676 Cotton akaongeza sehemu yake. Cotton alikuwa amejenga kijumba cha wavuvi kando ya mto Dove mwaka 1674, akachora herufi za majina yao wawili zimefumana.

Mke wa pili, Anne, naye alimtangulia, mwaka 1662. Walton alifariki mjini Winchester tarehe 15 Desemba, 1683, umri wake miaka 90, akazikwa katika kanisa kuu la mji huo, karibu na mto Itchen. Shamba lake la karibu na Stafford aliliacha liwe la kuwafaa maskini wa mji alikozaliwa. Kitabu chake kimechapwa mara mamia, na wapo wakisomao wasiopata kuvua hata dagaa. Hao, nadhani, huenda kutafuta ile subira.