John Kirk na sumu ya mshale iliyofichua kazi ya seli za tezi

Huko Zanzibar, jina la John Kirk huhusishwa zaidi na tarehe 5 Juni 1873, siku ambayo Sultani Barghash bin Said, chini ya shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Kirk ndiye aliyeiwakilisha Uingereza katika mazungumzo hayo. Kabla ya siasa, hata hivyo, alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea, na kazi hiyo ya awali ilimkutanisha na sumu ambayo karibu karne moja baadaye iliwasaidia wanasayansi kueleza namna seli zinavyopitisha chumvi katika utando wake.

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, Uskoti. Alisomea udaktari Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854, kisha akahudumu nchini Uturuki katika hospitali ya wanajeshi wa Uingereza wakati wa vita vya Crimea. Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone katika mto Zambezi, akiwa daktari na mkusanyaji wa mimea.

Katika nchi ya Zambezi na Shire, wawindaji walipaka mishale yao sumu waliyoiita kombe, iliyotengenezwa kwa mbegu za mmea utambaao juu ya miti. Mnyama aliyechomwa hakwenda mbali kabla ya kuanguka, na nyama yake ililiwa bila madhara. Waliijua mbegu, kipimo na namna ya kuitayarisha. Kirk aliutambua mmea wenyewe na kuchukua mifano yake, na wataalamu wa Ulaya wakauita Strophanthus kombe, wakilihifadhi jina la wenyeji ndani ya jina la kisayansi.

Ajali ndogo ilimwonyesha jambo jingine. Sumu hiyo iligusana na mswaki wake katika mizigo. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mkali mdomoni, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Mtu mwingine angeshukuru kuwa mzima na kuutupa mswaki. Kirk aliona kwamba kitu kinachoweza kuusimamisha moyo wa nyati huenda, kwa kipimo kidogo sana, kikautuliza moyo wa mgonjwa. Huko Edinburgh, Thomas Fraser alitenga kiini cha sumu hiyo, kikaitwa strofanthini, na kabla ya karne ya 19 kuisha kilikuwa dawa ya moyo. Ilikuwa dawa ya kuogopwa, kwani kipimo kinachoponya kilikaribiana mno na kinachoua.

Madaktari waliitumia kwa miongo mingi bila kujua ilifanya nini hasa mwilini. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1953, pale Hans Schatzmann wa Uswisi alipoonyesha kwamba dawa za jamii hiyo huzuia seli nyekundu za damu kusafirisha sodiamu na potasiamu. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alieleza kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, ambacho leo huitwa pampu ya sodiamu na potasiamu. Kila mzunguko mmoja hutoa nje ioni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Skou alithibitisha utambulisho wa pampu hiyo kwa kutumia uabaini, ndugu wa strofanthini, itokanayo na sumu ya mishale ya Afrika Mashariki. Jina lake lina asili ya Kisomali. Ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

Pampu hiyo ndiyo msingi wa kazi ya tezi. Katika tezi ya mate, hupunguza sodiamu ndani ya seli, na sodiamu inaporudi kwa nguvu kutoka upande wa damu huvuta kloridi pamoja nayo. Ujumbe wa neva ukifika, kalsiamu huongezeka ndani ya seli na kufungua milango ya kloridi upande wa mfereji. Kloridi hutoka, sodiamu huifuata kwa kupita kati ya seli, na maji huzifuata zote mbili. Hivyo ndivyo mate yanavyopatikana. Mifereji ya tezi hurudisha sehemu ya chumvi mwilini, na katika jasho kazi hiyo huongozwa na homoni ya aldosteroni. Ndiyo maana jasho la mtu aliyezoea joto huwa na chumvi kidogo zaidi. Sumu ya mshale ikiisimamisha pampu, mpangilio wote huo husimama.

Somo hilo leo ni la kawaida. Katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, mashariki mwa jiji la Kampala, wanakoandaliwa walimu wengi wa sayansi wa Uganda, mwalimu mtarajiwa wa biolojia hukutana na pampu hiyo anapojifunza utando wa seli. Majina ya Schatzmann na Skou yamo katika historia ya somo hilo. Majina ya wawindaji wa Shire, ambao maarifa yao yalitangulia yote, hayakuandikwa na yeyote.

Kirk alifika Zanzibar mwaka 1866 kama daktari wa ubalozi, akapanda ngazi hadi kuwa balozi mkuu, akaondoka mwaka 1886. Alitetea kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na papo hapo alikuwa mtumishi wa dola iliyozidi kuubana uhuru wa masultani. Alifariki dunia nchini Uingereza tarehe 15 Januari 1922.

Wanasayansi wamempa jina lake kima mwekundu apatikanaye Zanzibar pekee. Wenyeji wa kisiwa humwita mnyama huyo kima punju, na punju, kwa lugha yao, ni sumu.