Askofu Steere na Jiwe la Noeli



Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana wetu inakaribia. Katika mitaa yetu ya Kinondoni na Temeke mafundi cherehani wamekwisha kujaa kazi, bei ya mchele na kuku imeanza kupanda, na watoto wanahesabu siku. Hayo si mabaya, kwa maana furaha ya sikukuu ni haki ya watoto. Lakini sisi Wakristo twapaswa kujiuliza: Noeli ina maana gani kwa mtu asiye na nguo mpya wala kuku? Tena ina maana gani kwa mtu ambaye hata mwili wake si mali yake? Tumeona ni vizuri tuwasimulieni maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa kazi ya mikono yake, tena hapa hapa pwani yetu. Naye ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa UMCA, ile Misheni ya Vyuo Vikuu iliyotuletea Injili.

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, tarehe 4 Mei, 1828. Alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huo huo akakubaliwa kuwa wakili. Njia ya cheo na mali ilikuwa wazi mbele yake, lakini moyo wake haukutulia humo. Mwaka 1856 aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka 1858 akawa padre. Akatumikia makanisa madogo ya mashambani, kati ya wakulima na wavuvi wa Lincolnshire.

Wakati ule habari za Afrika zilizofika Uingereza zilikuwa za huzuni. Dk. David Livingstone alikuwa ameeleza mbele ya wasomi habari za Afrika na biashara ya watumwa, na misheni ikaundwa. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwezi wa Januari 1862, kabla hata kazi haijashika mizizi. Mwaka 1863 Padre William Tozer akawekwa wakfu kushika nafasi yake. Steere alikuwa rafiki yake, akakubali kumsindikiza. Alidhani atakaa muda mfupi tu halafu arudi nyumbani. Kumbe Mungu alikuwa amempangia kazi ya maisha yake yote.

Mwezi wa Agosti 1864 misheni ilihamia Unguja. Mji ule ulikuwa na soko kubwa la watumwa, mahali paitwapo Mkunazini. Watu waliotekwa huko bara, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi, waliletwa kwa miguu mpaka pwani, hasa Kilwa, kisha wakapakiwa majahazini na kufikishwa hapo. Wanaume, wanawake na watoto walipangwa mistari, wakakaguliwa meno na viungo, wakatajiwa bei. Kila mwaka maelfu walipita katika uwanja ule.

Misheni ilianza na watoto wangapi? Watano. Walikuwa wavulana waliotolewa katika jahazi la watumwa, na Sultani Majid akamkabidhi Askofu Tozer awalee. Sisi tuliopata kusimama mbele ya darasa la watoto sitini twaweza kucheka kidogo tukisikia shule ya watoto watano. Lakini mmoja wao aliitwa John Swedi, na jina lake tutalikuta tena mbele.

Steere aliona mapema kwamba hawezi kumweleza mtu habari njema kwa lugha asiyoifahamu. Akakaa chini kama mwanafunzi. Walimu wake walikuwa wenyeji wa mji wa Unguja, wengi wao Waislamu waliokijua Kiswahili kwa undani, nao hawakumnyima elimu yao. Akawasikiliza, akaandika, akauliza, akaandika tena. Akajifunza na kazi ya kupiga chapa, akawafundisha vijana wa misheni kupanga herufi. Mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kilitolewa, na mwaka huo huo kikatolewa kitabu cha hadithi za Unguja kama zilivyosimuliwa na wenyewe, pamoja na kisa cha Punda wa Dobi na kile cha Sultani Darai. Hivyo basi, yeyote kati yetu aliyefundisha Kiswahili shuleni amekula katika sahani iliyoandaliwa na wazee wale wa Unguja pamoja na Steere.

Hapa tungependa wasomaji watue kidogo. Maneno tunayoyaimba kila Noeli, kama kukomboa, mkombozi na ukombozi, hayakutungwa na wamisionari. Yalikuwako katika vinywa vya watu wa pwani. Mtu akiweka kitu rehani, siku akipata fedha huenda kukikomboa. Ndugu wa mtu akitekwa, jamaa wakiweza hutoa mali ili wamkomboe. Kukomboa ni kulipa ili kile kilicho chako kirudi kwako. Sasa fikirini jinsi neno hili lilivyosikika masikioni mwa mtu aliyesimamishwa Mkunazini na kutajiwa bei. Yeye hakuhitaji kuelezwa maana yake. Alihitaji tu kuambiwa kwamba yuko Mmoja aliyemhesabu kuwa ni wake, na kwamba huyo amekuja mwenyewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Watenda kazi walikufa kwa homa mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha minazi na mikarafuu ya Unguja na kuharibu majengo ya misheni. Askofu Tozer aliugua, na mwaka 1873 akajiuzulu. Steere, ambaye alikuwa amekwenda Uingereza mwaka 1868 na kurudi mwaka 1872, alijikuta ameshika kazi karibu peke yake. Kama angehesabu kwa akili ya wakili, pengine angefunga mizigo yake.

Ndipo likatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Tuseme kweli: Sultani hakufanya hivyo kwa hiari tupu. Waingereza walimshurutisha, na manowari zao zilikuwa karibu. Hata hivyo soko la Mkunazini lilifungwa. Uwanja ukabaki mtupu. Sehemu yake ilinunuliwa kwa ajili ya misheni, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri mmoja Mhindi. Steere akajenga kibanda hapo, akawahubiri watu kwa Kiswahili. Kisha ikachaguliwa siku ya kuweka jiwe la msingi la kanisa, nayo ilikuwa Sikukuu ya Noeli, tarehe 25 Desemba, 1873.

Wasomaji wetu, hilo ndilo tulilotaka mlishike. Jiwe lile liliwekwa siku ya Noeli, na kwa kweli hapakuwa na siku nyingine iliyofaa zaidi. Bwana wetu hakuzaliwa katika jumba la mfalme, alizaliwa zizini, mahali pa mifugo, kwa kuwa nafasi haikupatikana kwingine. Na katika uwanja ule ambapo watu walifanywa kuwa kama mifugo, Kanisa lilitangaza kwamba hapo ndipo apaswapo kukaa. Mungu hangoji mahali pasafike ndipo aingie. Huingia kwanza, na usafi hufuata.

Lakini msidhani kwamba siku ile utumwa ulikwisha. Majahazi yaliendelea kuvusha watu usiku kwa siri, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa bado na watumwa. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Zanzibar mpaka mwaka 1897, na mabaki yake yakaondolewa mwaka 1909. Huku Tanganyika sheria ya kuukomesha ilikuja mwaka 1922. Jiwe la Noeli, basi, liliwekwa wakati usiku ungali mrefu, na hiyo ndiyo maana ya tumaini. Mkulima apandaye mbegu mvua zikiwa zimekwisha kujaa mtoni hana haja ya tumaini. Mwenye tumaini ni yule atayarishaye shamba katika vumbi.

Tarehe 24 Agosti, 1874, Steere aliwekwa wakfu kuwa Askofu huko Westminster Abbey, London, akarudi Unguja. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliotolewa utumwani, waliokuwa wakiishi katika kijiji cha misheni huko Mbweni, wakarudi bara. Walipofika Masasi waliona nchi ni njema, nayo inafanana na kwao, wakaomba wakae hapo. Kanisa la kusini lilianza hivyo, kwa watu waliopita njia ile ile waliyopitishwa wakiwa mateka, safari hii wakirudi wakiwa huru.

Huko Mkunazini ujenzi uliendelea. Askofu mwenyewe alisimamia mafundi na kuwafundisha, na alitumia mawe ya matumbawe pamoja na saruji. Paa alilitaka liwe tao moja refu la zege, na wapo waliodhani litaanguka. Paa lile liko mpaka leo. Husimuliwa pia kwamba Askofu alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Anayeingia humo leo ataziona. Siku ya Noeli ya mwaka 1877, jengo likiwa bado halijakamilika, ibada ya kwanza ilifanywa ndani yake. Wazee wetu walitueleza kwamba altare imewekwa pale uliposimama mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa.

Mwaka 1879 Askofu Steere alimweka John Swedi kuwa shemasi. Yule mtoto wa jahazi la watumwa sasa alisimama kuhudumu katika Kanisa la Mungu.

Askofu alifanya kazi mpaka mwisho. Tafsiri ya Agano Jipya kwa Kiswahili ilikuwa karibu na moyo wake kuliko kazi nyingine yoyote. Mwishoni mwa Agosti 1882 alifariki ghafla huko Unguja, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Agano Jipya lote lilichapwa mwaka uliofuata, 1883. Hakukishika kitabu kile mkononi. Hakuishi kumwona Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, akiwekwa kuwa padre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni kupata daraja hilo. Chuo cha Kiungani, kilichofundisha walimu na mapadre, baadaye kilihamia Minaki karibu na Kisarawe, na wengi wa walimu wa nchi hii walitoka humo. Dayosisi yetu ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1965, ni tawi la mti ule ule. Hayo yote Steere hakuyaona, lakini jiwe aliliweka.

Wapendwa, tusisome habari hizi kana kwamba ni za watu wa kale tu. Soko la Mkunazini limefungwa, lakini je, nyumbani mwetu? Wako mabinti wadogo walioletwa mjini kutoka vijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, nao leo ndio wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Mshahara wao huambiwa umewekwa, na siku ya kuuona haifiki. Siku ya Noeli sisi twaenda kanisani na nguo mpya, tukiimba habari za Mkombozi, naye binti yuko jikoni akipuliza mkaa, hata hakuulizwa kama angependa kusali. Nyumba ya namna hiyo imeweka mtu rehani, kisha yaimba juu ya ukombozi.

Basi Noeli hii kila nyumba na iweke jiwe lake. Mwenye kudaiwa mshahara na alipe. Aliyeahidi shule na apeleke mtoto shule mwezi wa Januari. Aliye na binti wa kazi na amketishe mezani, amvishe kama wanawe, aende naye ibadani, na kumpa nauli akawaone wazazi wake. Huenda jambo hili likaonekana dogo. Watoto watano wa mwaka 1864 walionekana wadogo pia, na Mtoto wa Bethlehemu alionekana mdogo kuliko wote.

Atakayepata nafasi na avuke kwenda Unguja, aingie katika Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, asimame mbele ya altare ile na kusali kwa ajili ya wale waliouzwa hapo, ambao majina yao hatuyajui, lakini Mungu anayajua. Yeye aliyezaliwa kwa ajili yao ndiye aliyezaliwa kwa ajili yetu.

Tunawatakieni nyote Noeli njema, yenye amani na tumaini.